Diski Nne na Kadi Isiyokaa Nyumbani

Haupiti mwezi bila kijana mmoja wa kompyuta kupanda mpaka kwangu. Ananipa shikamoo, anakunywa chai yangu, halafu anatoa lililomleta: "Mama, seva ya hifadhidata yetu ina nafasi nne za diski. Tuweke RAID ngapi?" RAID ni namna ya kuzipanga diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Nami namuuliza: "Barabara ikikatika, diski mpya inawafikia baada ya siku ngapi?" Anacheka kwa adabu. Najua anachofikiria, kwamba bibi ameanza kuchanganya mambo. Sichanganyi. Hilo ndilo swali la kwanza, na mimi nililijua nikiwa nimeshachelewa.

Msidhani nilizaliwa fundi. Nilianza kazi kama mpiga chapa wa hospitali moja huku milimani. Jina lake siliandiki. Waliokuwepo wanalijua, na wasiokuwepo halitawasaidia kitu. Soko huria lilipofunguka, maduka ya Tanga na Dar yakajaa kompyuta, na wafadhili wetu wakaona na sisi tusipitwe. Katika wapiga chapa wote, mimi ndiye niliyegusa ile kompyuta bila kuiombea dua kwanza. Basi wakanipeleka kozi ya wiki chache Tanga. Nikarudi na cheti na maringo, na katika hivyo viwili cheti ndicho kilikuwa kidogo.

Mnisikilize nikisema kuhusu baridi, maana mnapenda kuuliza habari za viyoyozi. Seva inapenda baridi, na Lushoto baridi tunayo ya bure. Shida yetu ilikuwa upendo. Pale masijala, chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, alikuwepo Bi Mwanjaa, karani mwenye mikono ya kufuma. Redio yake nyumbani ilikuwa na kitambaa cha kufuma, televisheni ya jirani yake ilikuwa na kitambaa alichomfumia yeye, na seva ilipofika haikukaa wiki moja uchi. Mwezi wa saba ukungu ulipoingia mpaka ndani, alikishusha kitambaa kikafunika na uso wa mashine, zile taa na matundu ya hewa. "Inaona baridi," aliniambia. Mimi nilikifunua asubuhi, yeye alikifunika mchana. Baadaye nilichoka, nikamwachia.

Sasa niwaambie kilichokuwa ndani ya mashine ile, kwa sababu fundi asiyejua kilichomo ndani ya diski zake atachagua vibaya tu.

Hospitali ilikuwa na kliniki ya kifafa. Kwa taratibu za kawaida mgonjwa anashika kadi yake na hospitali inabaki na faili. Kwetu haikuwa hivyo. Kadi ya kifafa haikukaa nyumbani. Mgeni akiiona mezani, habari inafika sokoni kabla yake. Binti hapati mchumba, na dada zake nao wanaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Basi familia ziliomba kadi zibaki masijala, na hospitali ikakubali kwa huruma. Mgonjwa alikuja, akataja jina dirishani kwa sauti ya chini, akapewa dawa zimefungwa kwenye karatasi isiyoandikwa kitu, akaondoka. Maelezo yake yote yalikuwa kwetu, na hayakuwa mahali pengine popote duniani.

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa mdogo wangu wa kuzaliwa, Halima. Alianza kuanguka akiwa darasa la tatu. Mkono wake wa kushoto una kovu la jikoni mpaka kwenye kiwiko. Ilimchukua daktari wa kliniki karibu miaka miwili kumpatia kipimo chake, dawa mbili pamoja, nusu kidonge kinaongezwa hapa, nusu kinapunguzwa kule, mpaka akakaa muda mrefu bila kuanguka hata mara moja. Safari yote hiyo iliandikwa kwenye kadi, na kadi zote nikaziingiza kwenye hifadhidata kwa vidole vyangu mwenyewe. Kwa hiyo sikuwa nalinda takwimu. Nilikuwa na mtu wangu mle ndani.

Mtauliza kwa nini asikariri vidonge vyake. Nyie hamkuona dawa za miaka ile. Zamani kidonge kilitoka mahali pamoja na kilikuwa na rangi moja. Soko lilipofunguliwa, mwezi huu vilikuja vyeupe, mwezi ujao vya manjano, vyenye nguvu tofauti, kutoka kwa watengenezaji ambao hata mfamasia hakuwajua. Mgonjwa akikwambia anakunywa viwili vyeupe, hajakwambia kitu.

Mkuu wa masijala alikuwa Mzee Singano. Alikuwa mwembamba, sweta moja miaka yote, na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Alijua kadi ilipo kwa kusikia jina la kijiji tu. Kompyuta hakuichukia, alikuwa anaihoji. Siku muuzaji kutoka Dar alipokuja tuamue mpangilio wa diski, tulikaa wanne ofisini kwa Daktari Mkuu: Daktari mwenyewe, muuzaji, mimi na Mzee Singano.

Nitawaeleza kama muuzaji alivyotueleza, kwa sababu alieleza vizuri, na kosa halikuwa la maelezo. Diski nne. Ukizipanga kwa namna ya sifuri, unatumia nafasi yote na kazi inakwenda mbio, ila moja ikifa zimekufa zote. Ukizipanga kwa jozi, kila unachoandika kwenye diski hii kinaandikwa pia kwa pacha wake, unapoteza nusu ya nafasi. Ukizipanga kwa namna ya tano, taarifa zinagawanywa pamoja na hesabu yake, sawa na mtu anayejua jumla na namba zote isipokuwa moja. Hiyo moja ataipata kwa kutoa. Unapoteza nafasi ya diski moja tu, na diski yoyote moja ikifa kazi inaendelea.

"Tano ndiyo ya kisasa," alisema muuzaji.

Daktari alifurahi. Alitaka nafasi, siku moja aweke na picha za eksirei. Mzee Singano aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, kijana wangu. Hiyo moja ikifa, nani ataniambia?"

"Mashine yenyewe, mzee. Inalia, na taa inageuka rangi ya machungwa."

"Na mpya inatoka wapi?"

"Kwetu Dar. Unapiga simu tu, kesho yake iko kwenye basi."

"Haya. Na hizi nne zimetoka boksi moja?"

Muuzaji akasema ndiyo, tena kwa fahari, zote mpya, zote za aina moja. Mzee akanigeukia mimi. "Mwanahamisi mwanangu, baba yangu alikuwa na shamba huku juu na jingine kule nyikani, chini ya Mombo. Jua likiua kule, tunakula huku. Hizi zenu naona zote zimelimwa bonde moja. Mimi ningechukua hizo za jozi, na karatasi nyingine ningeiweka mbali na hapa."

Wanangu, hapo ndipo ningetakiwa kunyamaza nifikirie. Lakini muuzaji alikuwa amevaa tai, Daktari alikuwa ananitazama, na cheti changu kilikuwa bado kinanukia wino. Nikasema, "Mzee, hizi si kadi." Wale wawili wakacheka kidogo. Mzee akarudisha kalamu nyuma ya sikio. Naona aibu mpaka leo, na siandiki hivi kwa ajili ya mapambo.

Ikawa tano. Nakala ya kanda, ile ya kutunza pembeni, ikaandikwa kuwa itanunuliwa awamu ya pili. Mkisikia neno awamu ya pili kwenye kikao, simameni muulize itaanza lini. Muda si mrefu chumba cha kadi kikatakiwa kiwe wodi ya wagonjwa wa kulipia, maana na hospitali nazo zilikuwa zimeingia sokoni. Mzee Singano akapewa barua ya kuteketeza kadi. Alikuwa mtumishi wa serikali wa zamani, barua kwake ni barua. Alisimama kwenye tanuri la hospitali kutwa nzima akizitia kwa mafungu, kijiji baada ya kijiji.

Ilipita miezi mingi bila tatizo. Kisha zikaja mvua za masika, na mgawo wa umeme. Wakati wa mgawo kila kitu kilikuwa kinalia. UPS, ile betri inayoshika mashine umeme ukikatika, ililia maabara, ililia ofisi ya mhasibu, ililia masijala. Tulizoea kama mnavyozoea jogoo wa jirani. Seva nayo ikaanza, pii, pii, pii. Nilipita pale nikasema, "Betri hiyo." Bi Mwanjaa akakikunja kitambaa mara mbili ili kelele ipungue. Taa ya machungwa ikawa inawaka chini ya maua ya kufuma, siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya tisa.

Siku ya tisa Mzee Singano aliniita dirishani. "Umeme upo tangu asubuhi," alisema. "Hicho kinacholia kinalilia nini?"

Nikafunua kitambaa. Sikuhitaji kozi kuelewa. Diski ya pili kutoka kushoto ilikuwa imekufa, na tulikuwa tumetembea siku tisa juu ya tatu zilizobaki, bila akiba yoyote.

Nilipiga simu Dar kwa simu ya ofisi. Muuzaji alitimiza ahadi yake, kesho yake diski ilikuwa kwenye basi. Kilichokosekana ni barabara. Mlima ulikuwa umeteremka chini ya Soni, udongo na miti vimelala njiani, na basi likaishia Mombo. Nilingoja siku nne. Ya tano nikapanda lori mpaka kwenye maporomoko, nikavua viatu, nikapita kwa miguu pamoja na akina mama waliobeba karoti kichwani, wao wakinicheka kwa jinsi nilivyoteleza. Mombo nilimkuta wakala wa basi ameiweka diski yangu kwenye kabati la maandazi, pakavu kuliko pote. Nikamshukuru, nikaifunga kwenye khanga, nikarudi njia ile ile.

Nilifika asubuhi iliyofuata moja kwa moja masijala, na matope yangu. Nikachomoa iliyokufa, nikachomeka mpya. Mashine ikaanza kuijaza, ikizisoma zile tatu nzima nzima ili kupata ya nne. Hii ndiyo saa ngumu kuliko zote, na hakuna aliyeniambia Tanga. Diski zilizokuwa zikifanya kazi taratibu, sasa zinakimbizwa bila kupumzika, na zote zina umri mmoja, zimetoka boksi moja, zimechoka kwa pamoja. Mimi, Bi Mwanjaa na Mzee tulikaa kuangalia mstari kwenye kioo ukisogea. Ulifika kama nusu. Kisha taa nyingine ikageuka rangi, na mstari ukasimama: diski nyingine ilikuwa imekufa, na kwa namna ya tano zikikosekana mbili hakuna hesabu ya kuzirudisha.

Bi Mwanjaa aliuliza kama nikizima na kuwasha itarudi. Nikazima, nikawasha. Haikurudi. Nilizipanga mezani zile nne za mwanzo nikasoma namba zake mgongoni, zilikuwa zinafuatana. Zilipelekwa Dar, zikakaa huko wiki kadhaa, wakatuandikia kwamba wamejaribu.

Mzee Singano hakunikumbusha kikao kile, siku ile wala baadaye. Alichukua daftari jipya, akakaa dirishani, na kila mgonjwa wa kifafa aliyekuja alimhoji: jina, kijiji, kidonge kilikuwa kikubwa au kidogo, kilikuwa na mstari katikati, ulipewa lini, ulianguka lini mara ya mwisho. Aliandika kwa risasi. Mgonjwa akirudi mwezi uliofuata na kusema yale yale, ndipo alipopitisha kalamu ya wino. Huo ndio utaratibu bora wa kuhakiki data niliouona maishani, na mpaka leo nausimulia kwa walimu wa vyuo wanaoniita kuongea.

Halima naye alihojiwa. Alikumbuka alichoweza. Daktari wa zamani wa kliniki alikuwa ameshahama, amekwenda hospitali binafsi mjini, na huyu mpya, mwanamke makini sana, hakuwa na jinsi. Alianza upya na kipimo cha kawaida. Nilimpelekea mdogo wangu dawa hizo mwenyewe, na nilijua ninachompelekea.

Alianguka wiki ya tatu, bondeni, akimwagilia kabichi. Alianguka mferejini. Jirani aliyekuwa shamba la juu alimwona, akashuka mbio, akamtoa kichwa kwenye maji. Nilipofika nyumbani alikuwa amelala upande, mdomo umevimba, mama anamkanda miguu. Niliomba msamaha. Mama hakuelewa naomba msamaha wa nini, kwake kompyuta na mfereji havikuwa na uhusiano. Halima alielewa.

"Dada," alisema, "ule mtambo wako umenisahau. Wakinipatia kipimo tena, uniandikie kadi. Nitakaa nayo hapa."

"Mama hatakubali."

"Aliyeanguka ni mimi."

Ilichukua miezi minane kurudi kwenye kipimo kinachomfaa. Wakati huo mimi nilikuwa naipanga seva upya, na kwa kuwa ndiyo mnayokuja kuniuliza, nitasema nilivyofanya. Nilichukua jozi, kama alivyotaka Mzee. Diski moja ya jozi ikipata msiba, mashine inanakili tu kutoka kwa pacha, haizikimbizi zote. Diski nilizinunua mbili Tanga na mbili Dar, miezi tofauti. Ya tano ikakaa kabatini Lushoto, kwenye mfuko wake, kwa sababu mvua haziniulizi. Kila Ijumaa nakala ya kanda ilishuka na dereva wa gari la wagonjwa mpaka zahanati moja Mombo, na ya wiki iliyopita ikapanda naye. Mara moja kwa mwezi nilirudisha nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine kuona kama inafunguka, kwa sababu nakala ambayo haijawahi kufunguliwa hujui kama unayo. Mlio wa seva nikaubadilisha usifanane na wa UPS. Na Bi Mwanjaa nilimwomba anifumie sweta, akapata la kufanya.

Tukaanza na kuwaandikia wagonjwa kadi za kwenda nazo nyumbani. Wengi walizikataa. Walizisukuma zirudi dirishani kwa kidole kimoja, kana kwamba zina moto. Mimi nilitembea na kadi tupu kwenye pochi yangu popote nilipokwenda, nikiomba. Halima aliichukua yake siku ya kwanza. Akaibandika sebuleni, kando ya kalenda, mahali ambapo kila anayeketi anaiona. Mama aliibandua mara mbili, Halima akaibandika mara tatu, wakawa hawasemezani.

Ugomvi huo ulikuwa haujaisha washenga walipofika. Kulikuwa na kijana wa Zirai, upande wa pili kule Muheza, mkulima wa iliki, aliyemwona Halima kwenye arusi. Wakaja wazee watatu, wamesafiri siku nzima. Mama aliposikia wako njiani alikwenda moja kwa moja ukutani. Halima alikuwa amesimama mbele ya kadi tayari, na khanga yake nzuri.

"Mama, ikitoka hii, na mimi natoka. Uwaambie sipo."

Wazee wakapiga hodi. Tukasalimiana, shikamoo zikapokewa, chai ikaja. Mkubwa wao, baba mdogo wa kijana, aliyeitwa Mzee Kupaza, aliketi akiutazama ukuta ule ule wenye kadi. Nilimwona macho yake yakienda kwenye kalenda, yakasogea. Akatoa miwani mfukoni. Akainuka. Akaisoma kadi taratibu kutoka juu, jina, ugonjwa, dawa ya asubuhi, dawa ya jioni, tarehe ya kuanguka mara ya mwisho. Mama alikuwa ameinamisha kichwa akitazama sinia. Niliwahi kuketi mbele ya mstari unaosimama katikati, na nilihisi hofu ile ile.

Mzee Kupaza akavua miwani. Hakumtazama mama wala wenzake, alimtazama Halima.

"Hizi dawa, binti, kule Muheza zinapatikana?"

"Zinapatikana, babu."

Akaketi, akachukua kikombe chake. "Basi tuandikieni nyingine kama hii, ikae kwetu Zirai. Hiyo msiitoe hapo."

Nilifungua pochi nikatoa kadi tupu na kalamu. Niliharibu ya kwanza, nikaanza na nyingine.